Ukingo wa Daraja la Meno: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipokea



Mtu aliyepotewa na jino huweza kushauriwa atengenezewe daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno yaliyo kandokando ya pengo. Aina tunayoizungumzia ni daraja la metali na kauri. Ndani yake mna kiunzi cha metali kinachobeba nguvu ya kutafuna. Juu ya kiunzi hicho kauri yenye rangi ya jino huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi.

Walaji wengi hulihukumu daraja kwa rangi yake. Tunawashauri waangalie kwanza ukingo wake, mahali daraja linapokutana na jino karibu na ufizi. Meno yanayolishikilia huchongwa, na kilichochongwa hakirudi. Ukingo usipokaa sawasawa, hubaki upenyo. Simenti iliyomo huyeyuka polepole kwa mate, bakteria hujikusanya, ufizi huvimba, na jino huoza chini ya daraja pasipo kuonekana. Aliyekwenda kuziba pengo la jino moja huweza kupoteza na mengine mawili, pamoja na fedha alizolipa.

Upenyo haukosekani kabisa. Mwaka 1971 wataalamu McLean na von Fraunhofer walipendekeza kwamba usizidi mikromita 120, yaani milimita 0.12. Kiwango hicho kingali kinatumika sana kama kipimo.

Kiunzi hutengenezwa kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kusubu. Fundi huchonga umbo kwa nta, hulizungushia kalibu, huiyeyusha nta na kumimina metali mahali pake. Nta hupindika kwa mabadiliko ya joto, na metali husinyaa inapopoa. Kalibu hutengenezwa itanuke ili kufidia upungufu huo. Daraja likiwa refu, makosa madogo hujumlishana, na pengine hulazimu kulikata na kulilehemu upya.

Ya pili ni kuchonga bonge la metali kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Hapa hapana nta wala kusinyaa kwa kusubu, lakini kisu cha mashine hakiwezi kuingia katika kona iliyo nyembamba kuliko chenyewe, nacho huchakaa.

Ya tatu ni kuyeyusha unga wa metali kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Joto hilo huacha mkazo ndani ya metali; kiunzi kisipopashwa moto ipasavyo kabla ya kuondolewa kwenye bamba lake, hupindika.

Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba njia zote tatu zaweza kufikia kiwango kinachokubalika, na matokeo hutofautiana kwa kadiri ya uangalifu wa kazi. Kwa hiyo tangazo la mashine mpya si dhamana. Nakala ya meno iliyochukuliwa vibaya haisahihishwi na mashine yoyote, na hata kiunzi kizuri huweza kubadilika kidogo wakati wa kuchoma kauri.

Kwa sababu hiyo, tunawashauri mfanye yafuatayo:

1. Ulizeni kiunzi kitatengenezwa kwa njia gani na kwa metali gani, mpewe jibu kwa maandishi. Mwenye mzio wa nikeli aseme mapema, kwani baadhi ya metali hizi zina nikeli.

2. Ombeni kiunzi kijaribiwe kinywani kabla ya kuwekwa kauri. Kikae bila kulazimishwa wala kuyumba.

3. Kabla ya simenti ya kudumu, mwombeni daktari achunguze kingo zote, na ikihitajika apige picha ya eksirei. Msikubali kuambiwa kwamba daraja litajikalia lenyewe kadiri mnavyotafuna.

4. Tunzeni stakabadhi na maelezo ya kazi.

5. Safisheni chini ya daraja kila siku kwa uzi wa meno unaopitishwa humo. Chakula kikinasa, ufizi ukitoa damu au harufu ikizidi, rudini kwa daktari mapema.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kasoro ya ukingo hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla simenti haijaganda; baada ya hapo, kwa kawaida daraja hukatwa na kazi huanza upya. Mlaji anayo haki ya kuuliza wakati huo, na mtoa huduma anao wajibu wa kumjibu.