Vyeti vidogo vya ualimu vihesabike

Kusomea ualimu kwa mbali si jambo geni nchini Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote, walimu wa kuitekeleza waliandaliwa kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mazoezi ya darasani. Zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Leo simu janja imepokea kijiti. Walimu kazini wanasoma moduli za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, katika mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992 kufundisha kwa mbali, kina kituo hadi Singida. Sasa linazungumzwa suala la vyeti vidogo: mwanachuo anasoma stadi moja mtandaoni, anapimwa, anapewa cheti, anasonga mbele.

Wazo ni zuri, ila lina masharti. Kwanza, stadi ipimwe darasani. Mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Kinampanda, kule Iramba mkoani Singida, anaweza kupata maswali yote ya kuchagua kwenye simu, na bado akashindwa kumfundisha silabi ba, be, bi mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kinyiramba. Mkufunzi amwone akifundisha.

Pili, vyeti hivyo vijumlishwe kuelekea stashahada au shahada, na mwajiri avitambue. Tatu, bando lisiwe mzigo wa mwanachuo peke yake.

TCU, inayosimamia vyuo vikuu, na NACTVET, linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi na vyuo vya kati, ndio wenye rungu. Waweke viwango mapema, kabla walimu wetu hawajauziwa karatasi.