MNYAMA ULIYEMKUTA AMEKUFA SI KITOWEO

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama wa tawi



Halmashauri ya tawi imenipa nafasi niseme juu ya magonjwa ya wanyama wa porini na ya samaki, kama yaweza kumdhuru mtu au sivyo. Mimi si daktari, wala si bwana mifugo. Mimi ni mtu wa njia. Kazi yangu ni mtaimbo, mataruma na kokoto. Lakini neno hili ni letu hasa, kwa sababu reli hupita katikati ya wanyama. Ukitoka Voi mpaka Mtito Andei, huku ni Tsavo na huku ni Tsavo. Ukipanda juu, njia hupita Naivasha na Nakuru, penye maziwa na nyati. Mtu anayekagua njia asubuhi hukuta swala au nyati amelala kando, naye husikia mwenzake nyuma yake akisema, "Ndugu, hiki ni kitoweo, tusiwaachie fisi."

Nimesikia watu wakibishana juu ya jambo hili, nao wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema mnyama wa porini hana ugonjwa, kwani hula majani safi na hunywa maji ya mto. Fungu la pili husema kila kitu cha porini ni hatari, na hata samaki wa ziwani humtazama kwa mashaka. Mafungu yote mawili hayana haki. Yako magonjwa makubwa ya wanyama yasiyotugusa hata kidogo, na yako mengine yanayoua. Afadhali tuyatenge, ili tusiogope bure, wala tusife bure.

Tuanze na yasiyotugusa. Miaka ya 1890, karibu na wakati ule reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe wa nchi hizi, pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Watu nao walikufa, lakini waliuawa na njaa kwa kuwa ng'ombe wao walikwisha. Sotoka yenyewe haimshiki mtu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani kote. Uko na ugonjwa mwingine, homa ya nguruwe ya Afrika. Habari zake ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1921, kutoka hapa hapa Kenya, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery. Ngiri huuchukua mwilini bila kuugua, kupe huupeleka kwa nguruwe wa kufugwa, nao hufa wengi. Mwenye nguruwe hupata hasara kubwa, lakini mwili wake hauna neno.

Sasa tuje kwa yale yanayotugusa. Kwa kadiri nilivyoelewa, ugonjwa wa mnyama huingia kwa mtu kwa milango mitatu: mkono, mdomo, na kuumwa. Watu wengi hufikiri juu ya mdomo tu. Husema, "Nikipika sana, nimesalimika." Hapo ndipo hatari ilipo, maana mlango ulio wazi zaidi kwetu ni mkono.

Ugonjwa wa mkono ni kimeta. Hushika wanyama walao majani: ng'ombe, mbuzi, nyati, punda milia, swala, kiboko. Robert Koch wa Ujerumani alionyesha kijidudu chake mwaka 1876. Mzoga ukipasuliwa na kupata hewa, kijidudu hujifunga ndani ya ganda gumu, kikawa kama mbegu. Mbegu hiyo hukaa udongoni makumi ya miaka, ikingoja mnyama mwingine aje kula majani mahali pale. Ndiyo sababu mzoga wa kimeta haupasuliwi kamwe. Anayeupasua anapanda shamba la kifo.

Dalili zake ni hizi. Mnyama hufa ghafla. Tumbo hufura upesi. Damu nyeusi hutoka puani, mdomoni au nyuma, nayo haigandi. Mwili haukakamai kama mizoga mingine. Lakini usitegemee kuziona zote. Kukosekana kwa damu si cheti cha afya.

Mtu anayechuna mnyama huyo huchukua mbegu katika mchubuko mdogo wa ngozi, na sisi watu wa njia, nani mikono yake haina mchubuko? Baada ya siku chache hutoka kipele kinachowasha kama ulioumwa na mdudu. Kipele huwa lengelenge, kisha kidonda cheusi katikati, na pembeni pamevimba. Nacho hakiumi. Shikeni neno hilo: hakiumi. Kwa sababu hakiumi, mtu hukidharau akaendelea na kazi. Asipotibiwa, katika watu 10 mmoja au wawili hufa. Akienda hospitali mapema, dawa zipo, penisilini na nyingine, na karibu wote hupona. Anayekula nyama hiyo hupata kimeta cha tumbo, ambacho ni kibaya zaidi. Na moto wa sufuria ya nyumbani si wa kutumainiwa, kwa kuwa mbegu zile ni ngumu. Tena, kabla sufuria haijawekwa jikoni, aliyekata amekwisha kushika, na mama aliyeosha nyama amekwisha kushika.

Haya si mambo ya mbali. Mwaka 2015 kimeta kiliingia katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na nyati zaidi ya 100 wakafa. Mwaka 2011 huko Zambia, katika wilaya ya Chama, viboko 85 walikufa, na watu wakachukua nyama. Walihesabiwa watu 511 walioshikwa na kimeta, na 5 wakafa. Wataalamu walipokwenda kuchunguza hawakuandika kwamba watu wale ni wajinga. Waliandika juu ya upungufu wa chakula. Mtu mwenye njaa akimwona kiboko amelala pale, haulizi amekufaje.

Ndugu zangu, tusijifanye hatuelewi jambo hilo. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali na unga umekwisha, nyati kando ya njia ni mishahara miwili imelala chini. Lakini tupige hesabu yote. Uwindaji umekatazwa Kenya tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 humwadhibu mtu anayekutwa na nyama hiyo. Kwa hiyo nyama ya porini huuzwa gizani, nayo haina muhuri wa mkaguzi. Yule anayeleta kilo mbili mlangoni usiku hatakuambia kama mnyama alipigwa mshale au alikutwa amefura. Hata aliyegongwa na treni, nani ajuaye kwa nini hakukimbia?

Mlango wa pili ni mdomo. Mwaka 1959 hapa Kenya vijana waliokula nyama ya nguruwe mwitu waliugua homa, na minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho ikakutwa ndani ya misuli. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuzuka na kuandikwa kusini mwa Sahara. Minyoo hiyo hukaa katika nyama ya nguruwe mwitu, fisi na wanyama wengine walao nyama. Anayeila huvimba uso na macho, na misuli humwuma. Minyoo hii hufa ikiiva barabara mpaka ndani, lakini nyama ya kubabua juu ya moto, nje nyeusi na ndani nyekundu, haikuiva. Kuianika juani au kuifukiza moshi si kuipika.

Mlango wa tatu ni kuumwa, na hapa mtu huweza kuugua bila kula wala kuchuna. Mwaka 1958 madaktari walipata vijidudu vya malale katika damu ya pongo upande wa Ziwa Victoria, hapa Kenya. Pongo mwenyewe haonyeshi ugonjwa; mbung'o humfyonza yeye, kisha humuuma mtu. Kwa kazi ya miaka mingi ugonjwa huo umepunguzwa, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya watu wa Kenya. Kichaa cha mbwa bado kipo, nacho hushika bweha na nguchiro pia. Ukiona bweha mchana hakukimbii, anakujia kama mbwa wa nyumbani, usifurahi. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha ukimbilie sindano siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka ugonjwa uonekane, umechelewa. Karibu hakuna aliyepona.

Na samaki je? Hapa nina habari njema. Samaki ni kiumbe wa damu baridi, na magonjwa yake mengi hayawezi kuishi ndani yetu. Wanawake wanaopasua omena huko Kisumu wakati mwingine hukuta ndani yake mnyoo mweupe kama utepe, hata tumbo limejaa. Unachukiza, lakini makao yake ni samaki na ndege wa majini. Utoe, uwapike samaki vizuri, ule bila hofu. Hata ngege mwenye vijiminyoo vya manjano katika nyama, akiiva, vimekufa.

Hatari ya samaki hutoka pengine, na mara nyingi ni mkono wa mtu ulioileta. Jodari au nguru akiachwa juani bila barafu hufanya sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Anayemla huwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga na mwili unawasha, labda kabla hajanawa mikono. Watu wa pwani nao wanamjua bunju. Huyo hana ugonjwa. Sumu ni yake mwenyewe, hasa ini na mayai, nayo moto hauiondoi, na dawa ya kuivunja hakuna. Tena wako wavuvi waliotia sumu ya wadudu majini ili wavue upesi. Kwa ajili ya hao, mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa kununua samaki wa Ziwa Victoria, na wafanyakazi wa viwanda vya samaki wakaumia kwa kosa lisilo lao. Kwa hiyo samaki waliokutwa wanaelea wengi kwa pamoja, waacheni. Huenda maji yamekosa hewa tu, na huenda yametiwa sumu. Kwa kuwatazama, huwezi kutambua.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, neno la kazi. Mzoga ukilala juu ya reli, treni inangoja, simu inalia, na nyapara anaambiwa, "Ondoa upesi." Naye nyapara anawaambia vijana washike miguu wavute. Kwa mikono mitupu. Hilo si jambo la kitoweo. Ni jambo la amri ya kazi, na chama kina haki ya kulisema.

Wala si madai mapya. Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, na mwaka ule ule katika mapendekezo yake ya kwanza, la tatu lilikuwa juu ya kimeta, kwa ajili ya wafanyakazi wa sufu. Mwaka 1925 yakaja mapatano ya kulipa fidia kwa magonjwa ya kazi. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa matatu tu: sumu ya madini ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Na katika kimeta walitajwa wanaoshika mizoga, na wanaopakia, kupakua na kusafirisha mizigo. Wanaosafirisha mizigo ni nani, kama si sisi? Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe mavazi ya kumkinga mfanyakazi, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo huhesabu ugonjwa uliotokana na kazi pamoja na ajali.

Basi naomba tawi lipitishe mambo manne. Kwanza, kila genge la njia liwe na glavu nene, kamba ndefu, sabuni na maji, na mtu yeyote asiamriwe kushika mzoga kwa mkono mtupu. Pili, kila nyapara awe na nambari ya simu ya Shirika la Wanyamapori na ya bwana mifugo wa mahali pake, naye apige kabla mzoga haujaguswa. Tatu, mzoga usipasuliwe, usichunwe, usiburutwe mbali. Wenye ujuzi ndio wauchome au wauzike chini sana. Nne, mtu aliyeshika mzoga aandikwe katika kitabu, tarehe na mahali, na akitoka kipele apewe ruhusa ya hospitali bila kukatwa mshahara. Akifika kwa daktari aseme wazi, "Nilishika mnyama aliyekufa," maana daktari asiyeambiwa aweza kumpa dawa ya jipu.

Na kwa upande wetu, tusingoje barua ya ofisi ndipo tuache kisu mfukoni. Mnyama uliyemkuta amekufa, hujui kilichomwua. Mwiteni anayejua, kisha mpite mwende zenu kazini.

Mwenye swali na aulize, na tusiloweza kulijibu tutampelekea daktari.