Waliandika juu yetu. Na siye tutasoma wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana na wanafunzi



Tuanze na kitu tulichoona na macho yetu. Mutafiti mumoja alifika kwenye kartie yetu na karatasi ya maswali. Alitaka kujua namna watu wanapata maji. Tulimupeleka kwenye robine ambayo haitoe kitu. Mama mumoja aliacha bidoni yake kwenye mustari, akamuelezea saa nzima: anaamuka saa kumi ya usiku, analipa ngapi, siku gani watoto wanakosa masomo. Kijana mwenzetu alitafsiri kila neno. Mutafiti aliandika, akatushukuru, akaenda.

Kisha miaka mbili, makala yake ilitokea kwenye intaneti. Tuliona kichwa, jina lake, na mistari kumi ya mwanzo. Ili kusoma yenye kubakia, tulipe dola 38. Rafiki mwenye kusoma Ulaya njo alitutumia yote. Tulitafuta jina la kijana aliyetafsiri. Halikuwe mule, hata kwenye shukrani. Na yule mama, mpaka leo, anaamuka saa kumi.

Hatukuje hapa kumutukana mutu. Shida inazidi mutu mumoja: ni namna kazi ya kuchapisha imepangwa. Pale iniversite, mutafiti anapimwa na makala alizotoa. Akichapisha, anapanda cheo, anapata feza ya utafiti mwingine. Hakuna mwenye kumuuliza kama wale aliowaandika walisoma.

Lakini tuseme ukweli wote. Makala ya sayansi iko na nguvu. Mbele ya kuichapisha, watafiti wengine wanaisoma, wanauliza: hii uliitoa wapi, ulihesabu namna gani? Siye tukisema maji hakuna, wakubwa wanajibu: hao vijana wanatumwa na wanasiasa. Utafiti uliochunguzwa vile hawawezi kuuita radio trotwari. Njo maana hatusemi tuachane na makala hizo. Tunazihitaji mukononi, siku tunaenda kuketi mbele ya burugmesta.

Sasa utaiweka mezani namna gani, kama ufunguo wake ni dola? Kuko njia ingine: mwandishi mwenyewe analipa, wasomaji wanasoma bure. Lakini mwaka 2020, gazeti la sayansi Nature lilitangaza bei ya njia hiyo: euro 9,500 kwa makala moja. Magazeti mengi yanaomba kidogo kuliko pale, ni kweli. Hata hivyo, mwalimu wa kwetu ambaye mushahara wake unachelewa atatoa wapi? Kwa hiyo mulango unafungwa mara mbili: kwa mwenye kusoma na kwa mwenye kuandika.

Wenzetu Waafrika waliona shida hiyo zamani. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, inachapisha kazi ya watafiti wa bara letu. Kuko pia AJOL, tangu 1998, yenye kukusanya magazeti ya sayansi ya Afrika kwenye intaneti, na mengi unayasoma bure. Wanafunzi mulio hapa: mukinunua mega, muanzie kule.

Na lugha? Watu wanasema Kiswahili chetu hakiwezi kuingia kwenye vitabu vya sayansi. Kumbe kiliingia. Mwaka 1965, pale Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia ya muji kwa Kiswahili cha wale waliotumika kama maboy ndani ya nyumba za Wazungu. Miaka 25 ilipita. Mwaka 1990, Johannes Fabian, profesa wa Amsterdam, aliichapisha kama kitabu cha sayansi, na Kiswahili chake pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maandishi yale yalikuwa magumu kusoma, kwa hiyo Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti ili maneno yasikilikane, na jina lake liliandikwa kwenye kitabu. Jina la Yav liko kwenye kichwa. Kisha, maandishi yote yaliwekwa kwenye intaneti bure. Mutafiti akitaka, inawezekana.

Hapa karibu, watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walitoa maandishi mafupi yanayoitwa Série Bukavu. Mwaka 2020 yakakuwa kitabu. Ndani yake, wale wanaozunguka vijijini na karatasi za maswali wanaelezea wenyewe: hatari ya njiani, feza kidogo, vilio wanavyobeba ndani ya roho kisha kusikia habari za vita, na jina lao kupotea siku ya kuchapisha. Tembo Kash, muchoraji wa vibonzo, alichora shida hizo. Wengi wenu munafanya kazi ile ili mulipe minerval. Mulisome. Mutajiona.

Mufano wa mwisho unatoka mbali, Colombia. Orlando Fals Borda alifanya utafiti pamoja na wakulima waliokuwa wanapigania mashamba. Tangu 1979 mpaka 1986 alitoa vitabu vinne kwa namna ya ajabu: ukurasa wa kushoto ni hadithi, mutu yeyote anaweza kusoma, ukurasa wa kulia ni mafundisho ya sayansi na ushuhuda wake. Mbele ya pale, Ulianov Chalarka alichorea wakulima historia yao kama vibonzo. Utafiti ulirudia nyumbani kwanza, kisha ukaenda ku maktaba.

Basi, kuanzia leo, mutafiti akibisha hodi, tumupokee na heshima, na tumuulize maneno ine.

Moja: utachapisha wapi, na siye tutasoma bure? Magazeti mengi yanaruhusu mwandishi kuweka nakala yake mahali pa wazi. Aiweke.

Mbili: nani atakurudishia habari kwa Kiswahili? Karatasi mbili zinatosha, ao saa moja kwenye radio ya kartie.

Tatu: waliotafsiri na kuuliza maswali, majina yao yataandikwa wapi?

Ine: nani atalindwa? Hapa kwetu jina kwenye karatasi linaweza kukufungisha, ao kukuua. Kwa hiyo jina lisitolewe wala kufichwa bila kumuuliza mwenyewe. Mwenye kusema "muniandike," aandikwe. Mwenye kusema "munifiche," afichwe kabisa: jina, avenyu, na kazi yake.

Na siye wenyewe tuko na deni. Tunasoma iniversite, tunaandika kazi za mwisho juu ya masoko, chukudu, maji, mashamba. Zinabakia kwenye rafu, panya wanazikula. Kila mumoja wetu aliyetetea kazi yake, arudie kule alikouliza maswali, asome majibu mbele ya watu, akubali kukosolewa.

Yule mama wa kwenye mustari alitoa saa nzima ya maisha yake. Tumeshaamua: makala ile tutamusomea kwa Kiswahili, pale pale kwenye robine, na yeye atasema kama mutafiti aliandika kweli.