Malezi kwa Kipimo cha Umri

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa wakubwa na wadogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, na hasa katika amana ya watoto.

Miongoni mwa dhulma tusizozihesabu kuwa ni dhulma ni kumtaka mtoto mdogo awe na akili ya mtu mzima. Wa miaka 2 akisema "sitaki", twasema ana kiburi. Kumbe ndiyo kwanza anatambua kuwa naye ana nafsi yake. Wa miaka 4 akisimulia jambo lisilotokea, twamwita mwongo. Kumbe huenda hajaweza bado kutenga aliyoyawaza na aliyoyaona. Tukimpiga, atajifunza nini? Atajifunza kuogopa na kuficha.

Tazameni jinsi sheria ilivyopanga. Katika Suratul Baqara, anayetaka kukamilisha kunyonyesha amewekewa miaka 2 kamili. Na Sala, iliyo nguzo ya dini, Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuwaamrishe watoto wafikapo miaka 7, wala ukali haukutajwa ila wafikapo 10. Baina yake ni miaka 3. Sala 5 kila siku kwa miaka 3 zapita 5,000. Basi mzazi amepewa nafasi zaidi ya 5,000 za kuelekeza kwa ulimi mwema, na kwa kusali mbele ya mwanawe, kabla ya kufikiria ukali. Ni nani kati yetu aliyezitumia?

Na mwendo wa Mtume (s.a.w.) ndio huo. Amepokea Nasai kwamba alirefusha sijda akiwa imamu, kwa kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia tangu utotoni, amesimulia katika Sahihi Muslim kuwa siku moja alitumwa, akapita kwa watoto wanaocheza sokoni. Mara Mtume akamshika shingo kwa nyuma. Alipogeuka, alimwona anacheka, akamwuliza kwa upole kama amekwenda alikotumwa. Agizo halikufutwa, wala utoto haukuadhibiwa.

Asidhani mtu kuwa upole huu ni kuwaachia watoto. Mzazi anyamazaye mwanawe akiwa na miaka 7, 8 na 9, kisha akaamka na fimbo afikapo 15, ameupoteza wakati wa kufunza. Wazee wetu husema: samaki mkunje angali mbichi. Wamesema mkunje, hawakusema mvunje. Mtoto aliyeijua Sala kwa kipigo tu, yachelewa asije akaiacha siku atakayotoka nyumbani kwa baba yake, na hapo fimbo haitamfikia.

Basi mrudipo majumbani, kila mmoja amtazame mwanawe, ajiulize: huyu ana umri gani, na haya nimtakayo yanamwelea? La umri wake tumfunze bila ya kuchoka. La umri ujao tulisubiri.

Ewe Mola wetu, watengeneze watoto wetu, utupe subira ya kuwalea, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaowadhulumu. Amin.