Bima ya Afya ya Rais Ruto: Nani Alipe, na Alipe Lini?

Leo tuipime ahadi moja ya siasa kwa kipimo kisichopendelea mtu, nacho ni shilingi.

Katika kampeni za 2022, William Ruto aliahidi kuifumua NHIF, bima ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, ili Mkenya maskini atibiwe bila kuuza shamba. Oktoba 2023 alitia saini sheria nne za afya. Mahakama Kuu ikatamka kuwa tatu kati yake zinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, ikaanza kazi. Tangu hapo kelele hazijaisha. Wengine husifu kila kitu, wengine hukashifu kila kitu, na mgonjwa aliye kwenye foleni hafaidiki na kelele za upande wowote.

Nianze na penye haki. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikatwa 1,700 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa milioni moja naye alikatwa 1,700 hiyo hiyo. Muuza mboga, asiye na mshahara wowote, alitakiwa kutoa 500. Ruto alisema mpango huo unamwonea mnyonge, na alisema kweli. Sasa kila mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato. Wa 20,000, aliyekuwa akitoa 750, anatoa 550. Wa 500,000 anatoa 13,750, na hakuna kikomo cha juu. Wenye mishahara minono walilalamika sana. Mimi nasimama na Rais katika hilo. Ninachomdai ni mwajiri: katika ushuru wa nyumba, mwajiri hutoa asilimia 1.5 sawa na mfanyakazi wake, lakini katika bima ya afya hatoi hata senti kuongezea mchango wa mfanyakazi. Iweje achangie nyumba na asichangie matibabu ya watu wanaomzalishia mali?

Hata hivyo, wenye hati za mshahara ni wachache. Zaidi ya Wakenya wanane kati ya kila kumi wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi: bodaboda, jua kali, mama mboga, vibarua wa mashambani. Na hapa ndipo pendekezo la Rais linapoyumba.

Watu hawa hukadiriwa mapato kwa maswali. Unajisajili kwa simu, kisha unaulizwa kuhusu nyumba yako, choo chako, unachopikia. Mfumo unajumlisha majibu na kukutajia kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mia tatu ni nafuu kuliko zile 500 za zamani, nakubali. Ila hulipi kwa mwezi, unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo.

Chukua mama anayeuza nyanya na sukuma wiki kando ya barabara pale Kawangware. Tuseme mfumo umemkadiria shilingi 600 kwa mwezi. Hizo ni 7,200 zinazotakiwa kwa mara moja, kutoka kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda sokoni na pesa za jana kununua mali ya leo. Akizitoa, meza yake inabaki tupu. Asipozitoa, mtoto akilazwa usiku wa manane, ataambiwa kadi haifanyi kazi. Au mchukue ajuza kijijini, aliyejengewa nyumba ya mawe na wanawe na kuletewa mtungi wa gesi. Maswali yanamwona mtu mwenye uwezo. Pesa mkononi hana. Ukuta wa mawe haulipi bima.

Serikali yenyewe ililiona tatizo hili, ndipo ikaja na mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa ada ya mwaka na kuilipa kidogo kidogo. Nia ni njema. Lakini huko ni kumwingiza mtu kwenye deni kabla hata hajaumwa, wakati dawa ilikuwa rahisi zaidi: mruhusu alipe kwa mwezi au kwa wiki moja kwa moja, kwa M-Pesa, kama anavyolipa vitu vingine vyote. Tunaambiwa zaidi ya watu milioni 20 wamejisajili. Kujisajili ni bure. Hospitali hailipwi kwa usajili, na wasio na ajira rasmi wanaolipa hasa bado ni wachache mno.

Wenzetu wamepita njia hii. Nchini Thailand, Thaksin Shinawatra alishinda uchaguzi wa 2001 kwa ahadi ya baht 30 kwa kila ziara ya hospitali. Hakumkadiria mkulima kwa paa la nyumba yake. Gharama zilizosalia zililipwa na kodi ya taifa, na kufikia 2002 mpango ulikuwa umeenea nchi nzima. Ghana iliitengea bima yake asilimia 2.5 inayotozwa pamoja na kodi ya bidhaa. Rwanda ina michango ya mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, lakini walio maskini kabisa hulipiwa. Kote huko, mnyonge alibebwa na mfuko wa umma.

Mpango wa Ruto nao unahitaji mfuko huo, zaidi ya inavyosemwa majukwaani. Viwango vilivyotangazwa mwanzoni viliipa familia yenye mgonjwa wa saratani shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF, mfuko wa bima ulio chini ya SHA, kisha 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Mfuko huu wa pili hutegemea mgao wa Bunge. Hazina isipotoa, hauna kitu, na jamaa wanarudi kwenye harambee. NHIF ilifungwa ikiacha madai ya hospitali ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya chama cha RUPHA zikaacha kutibu wagonjwa wa SHA kwa mkopo. Wakati huo huo mfumo wa kidijitali wa SHA ulipewa mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 104, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, akaripoti kwamba serikali si mwenye mfumo huo. Nchi inayoweza kuahidi bilioni 104 kwa mitambo haiwezi kuniambia haina za kumlipia ajuza.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: makato ya asilimia yabaki, mwajiri naye achangie, asiye na mshahara alipe kidogo kidogo bila mkopo, na maskini alipiwe na kodi, bila kuhojiwa kuhusu choo chake. Bajeti husomwa kila Juni, na Agosti 2027 tutapiga kura. Mbunge wako akija kwenye mkutano, na mpinzani wake akija kesho yake na bima yake mpya, waulize wote wawili mbele ya watu: asiye na kitu atalipiwa na nani, na hospitali italipwa lini? Asiyekuwa na jibu lenye tarakimu, usimpe kura yako.