Kamati Iliyochimba Hadi Kwenye Chanzo



Kisima kinapochafuka au bomba la mtaa linapokauka, swali la kwanza katika vikao vingi huwa: "Ni nani aliyekosea?" Mlinzi wa kisima hulaumiwa, fundi hubadilishwa, na baada ya muda tatizo hurejea. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: "Jambo hili limetokana na nini?" Kisa cha mtaa mmoja wa London, Uingereza, chaonyesha namna kamati inavyoweza kulijibu.

Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka ghafla katika eneo la Soho. Watu zaidi ya 500 walifariki katika muda wa siku 10. Wakati huo wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alifuatilia vifo hivyo, akabaini kuwa wengi wa marehemu walikuwa wakinywa maji ya pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani, ambao hawakuyatumia maji hayo, walinusurika. Tarehe 7 Septemba alieleza aliyoyaona mbele ya viongozi wa parokia. Kesho yake mpini wa pampu uliondolewa.

Wengine wangelifunga jalada hapo. Hata hivyo, swali moja lilibaki: uchafu uliingiaje kisimani? Parokia iliunda kamati ya uchunguzi. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Snow na kasisi Henry Whitehead, ambaye hakuyakubali maelezo ya daktari. Kisima kilipokaguliwa kwa ndani, hakikuonekana kuwa na kasoro.

Whitehead, aliyezifahamu familia za mtaa ule, alipita nyumba kwa nyumba akitarajia kuthibitisha kuwa Snow amekosea. Ushahidi alioukusanya ulimgeuza yeye mwenyewe. Aligundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, aliugua kabla ya mlipuko, na kwamba maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa katika shimo la maji taka la nyumba hiyo. Mwaka 1855 shimo lilichimbuliwa. Matofali yake yalikuwa yameoza, na uchafu ulikuwa ukipenya hadi kisimani, umbali usiofika mita 1.

Kosa, basi, halikuwa la mama aliyekuwa akimuuguza mwanawe. Chanzo kilikuwa shimo bovu lililojengwa karibu mno na kisima. Kumlaumu mama kusingeokoa maisha ya mtu yeyote.

Kamati za kata zina mengi ya kujifunza hapa. Mjumbe anayepinga asinyamazishwe. Apewe kazi ya kwenda kuthibitisha. Wanaochota maji kila siku waulizwe kabla ya uamuzi kutolewa. Nafuu ya kwanza isichukuliwe kuwa tiba, na kila jibu lifuatwe na swali jingine: kwa nini?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Broad Street ulikuwa chini ya ardhi, na waliouona ni wale waliokubali kuchimba pamoja.