Sadaka Ndogo, Mioyo Migumu
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Yubile ya Miaka 25



Tumepewa nafasi ya kusema machache kabla ya kukata keki, na harufu ya pilau imeshaingia humu ndani. Hatutawachosha.

Wenyeviti, safari na mashindano mmeyasoma katika kurasa zilizotangulia. Sisi tungependa kuwataja wale ambao hawamo kwenye kumbukumbu za mikutano. Kuna mama ambaye kila Jumamosi alileta chupa ya chai na mandazi, akisema kuimba hajui lakini njaa anaijua. Kuna mzee aliyenakili nota za solfa kwenye karatasi za manila, usiku, kwa mwanga wa koroboi. Karatasi zile bado zimo kabatini. Mende wamezila pembeni, lakini do, re, mi zinasomeka. Kuna kijana wa bodaboda aliyewarudisha dada zetu nyumbani giza lilipoingia, wawili wawili, akapokea nauli ya mmoja.

Solfa yenyewe ilianza kwa udogo kama huo. Katika mji wa Norwich, Uingereza, mwalimu aliyeitwa Sarah Glover alitaka watoto waweze kuimba vizuri kanisani. Akabuni njia ya kuandika muziki kwa herufi, na mwaka 1835 akaitolea kitabu. Mhubiri kijana, John Curwen, ambaye muziki ulikuwa ukimpiga chenga, alikisoma, akairekebisha njia ile na kuieneza mashuleni na makanisani. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya kama sisi, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka, naye alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Leo tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa jirani zetu wa Tanzania, na imo pia katika wimbo wa taifa wa Afrika Kusini.

Nasi Wakenya tusijisahau. Tuni ya wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mama aliyekuwa akimtuliza mwanawe kando ya Mto Tana hakujua kwamba nchi nzima ingesimama wima kwa sauti ile.

Ndivyo Mungu wetu anavyofanya kazi. Katika Yohana sura ya 6, Andrea alipoiona mikate mitano na samaki wawili, aliuliza itawafaa nini watu wengi namna ile. Ilikuwa mikate ya shayiri, chakula cha maskini. Bwana hakumuuliza yule mtoto kwa nini hakuleta zaidi. Aliipokea, akashukuru, watu wakashiba na vikapu vikajaa.

Lakini wapendwa, sadaka ndogo ni rahisi kuihubiri. Moyo mgumu ndio kazi.

Someni 2 Wafalme sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Aliyempa habari za uponyaji alikuwa msichana mdogo, mateka, kijakazi wa mkewe. Naamani akafunga safari na farasi na magari yake, lakini Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtuma mjumbe tu, kumwambia akaoge mara saba katika Yordani. Jemadari akakasirika, akasema mito ya kwao Dameski ni bora, akageuka kwenda zake. Aliyemrudisha ni nani? Si nabii, si mfalme. Ni watumishi wake mwenyewe, waliomwendea kwa upole na kumwita baba. Mara mbili Mungu alimfikia mtu mkubwa kwa midomo ya watu wadogo. Na mto haukuhama. Hasira ilipopoa, aliukuta pale pale.

Tunayasema haya kwa sababu yanatuhusu. Miaka mitatu iliyopita kwaya hii ilitofautiana juu ya kinanda. Wengine walisema solfa na kayamba zimetutosha tangu mwanzo. Wengine walisema vijana watatukimbia. Maneno yakawa makali, na watu saba wakaacha kuja mazoezini. Mikutano ya upatanisho ilikuwa mingi, na kila mmoja ulizaa mwingine. Kinanda kilinunuliwa, kikakaa ndani ya sanduku karibu mwaka mzima.

Yule mama wa mandazi hakusema lolote juu ya kinanda. Kila Jumamosi, mazoezi yakiisha, alipita nyumba kwa nyumba kwa wale saba na kifurushi mkononi. "Fungu lenu lilibaki," alikuwa akisema, kisha anauliza habari za watoto na kwenda zake. Akaja mmoja, akaja wa pili. Leo watano wamo humu wamevaa sare. Wawili hawajarudi. Viti vyao upande wa besi viko wazi, na hatujaviondoa.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. La kwanza: hao wawili tusiwasubiri waje kuinama mlangoni. Twende kwao, wawili wawili, bila ajenda, na tusiende mikono mitupu.

La pili: baada ya chakula kuna harambee ya kuwalipia vijana wetu wawili mafunzo ya kinanda. Mmoja atakuwa mwanafunzi wa solfa pia, chini ya mzee wetu wa karatasi za manila. Kamati imekubaliana kwamba majina ya watoaji yatasomwe, lakini kiasi hakitatangazwa. Mwenye shilingi ishirini na mwenye elfu ishirini watasomwa kwa sauti moja. Yule mjane wa Marko 12 alikuwa na senti mbili tu, na Bwana alimwona bila kutangaziwa na mtu.

Miaka 25 imetufikisha hapa kwa chai, karatasi, pikipiki na uvumilivu wa Mungu.